Akufukuzaye Hakuambii Toka: Kumfundisha Mteja Kusoma Mwili Bila Kumtia Wasiwasi

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mshauri nasaha katika kituo cha afya wilayani Kasulu, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nina wateja wawili wananiumiza kichwa. Wa kwanza ni mama anayeuza mawese sokoni. Aliachika mwaka juzi, na anasema wenzake wote sokoni wanamchukia. Hawajamwambia kitu, anaona kwa macho yao. Wa pili ni kijana wa miaka 19 anayetafuta kazi. Akisimama mbele ya mtu anajikunyata, anaongea na sakafu, sauti haitoki. Nilisoma mtandaoni kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni lugha ya mwili, nikawaandalia wote wawili orodha ya ishara 24 na maana zake: kukunja mikono ni kujihami, kushika pua ni uongo, kutotazama usoni ni kuficha jambo, na kadhalika. Kijana aliipokea, hakuna kilichobadilika. Yule mama amezidi. Kila wiki anakuja na ishara mpya alizozigundua. Nimekosea wapi, na sasa nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana kosa lako nimewahi kulifanya, tena nikiwa na miaka mingi kazini kuliko wewe.

Nianze na mama wa mawese. Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka, na aliyewahi kukaa ugenini hadi siku ya nne anajua hawakukosea. Mwenyeji hasemi neno. Anafagia uwanja mapema kuliko jana, anawaita watoto kwa sauti iliyopanda kidogo, chai inachelewa. Sisi tumelelewa kusoma hivyo. Mtoto hajajua kuhesabu lakini mama akimkata jicho mbele ya wageni, anairudisha sambusa sahanini. Kwa hiyo usidhani mteja wako hajui kusoma ishara. Anasoma mno, na kila ukurasa anaoufungua umeandikwa neno moja: toka. Wewe ukampa kamusi yenye maneno mengine 24 ya kumaanisha lile lile.

Hiyo asilimia 93 nayo iache. Inatokana na tafiti mbili ndogo za mwaka 1967 za Albert Mehrabian na wenzake, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika moja, watu walisikilizishwa maneno tisa, moja moja, yaliyotamkwa kwa sauti za namna tofauti. Katika nyingine walisikia neno moja tu, lenye maana ya "labda", huku wakionyeshwa picha za nyuso. Wakaulizwa kama msemaji anaonekana kumpenda anayeambiwa au la. Hapo ndipo zilipotoka asilimia 7 za maneno, 38 za sauti na 55 za uso. Watu wakajumlisha 38 na 55, wakapata 93, wakaigeuza kuwa sheria ya mazungumzo yote duniani. Mehrabian mwenyewe ameeleza kuwa hesabu ile ni ya hisia za kupenda na kutopenda tu. Na mikono iliyokunjwa, miguu iliyopishanishwa, pua iliyoshikwa, vyote havimo. Ilikuwa sauti na uso, basi.

Ingekuwa kweli asilimia 93 iko mwilini, mimi mtu wa Tanga ningekaa kwenye kikao cha wazee kule Buhigwe wakiongea Kiha kitupu, nikatoka na karibu habari yote. Vikao hivyo nimevikalia. Hutoka nikijua nani amekasirika. Amekasirikia nini, hapo nasubiri mtu anitafsirie.

Habari ya pua na uongo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inampa mtu uhakika asioustahili. Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi ambazo watu zaidi ya 24,000 walijaribu kutambua nani anadanganya na nani anasema kweli. Walipatia kwa wastani wa asilimia 54. Ukirusha shilingi hewani unapata 50. Takwimu hii huwa nawasomea wateja wenye wasiwasi wa kusemwa, taratibu, bila kuwacheka, na huwa inawapumzisha zaidi ya maneno yangu mengi ya kuwafariji. Mama mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo hata wao hawanisomi mimi?" Hilo sikuwa nimelifikiria. Alikuwa amebeba mizigo miwili, wa kuwasoma watu na wa kuamini kwamba watu wanamsoma yeye mpaka ndani, na siku ile akautua mmoja.

Sasa kosa langu mimi. Miaka ya mwanzo nilipohamia Kigoma niliwahi kuletewa mzee mmoja na binti yake. Vikao viwili mfululizo hakunitazama. Nikiuliza swali anageuza uso dirishani, anajibu dirisha. Kwenye faili nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "anakwepa macho, huenda kuna jambo analificha." Nikaanza kuuliza maswali ya kuzungukazunguka nipate hilo jambo. Kikao cha tatu binti yake alichungulia mlangoni, akaniambia, "Mama, ongea kwa nguvu kidogo, la kulia halisikii." Mzee alikuwa akinigeuzia sikio zima. Ule mgeuko nilioutafsiri kuwa hila ulikuwa ni juhudi yake ya kunisikia. Lile faili ninalikumbuka kila ninapotaka kumwambia mtu kwamba ishara fulani maana yake ni fulani.

Ndiyo sababu jambo la kwanza ninalomfundisha mteja ni kuitambua kawaida ya mtu kabla ya kutafuta maana ya alichokifanya. Kuna mtu ameumbwa na ndita. Kuna anayeongea amekunja mikono tangu shule ya msingi kwa sababu anaona baridi, au anaficha sweta lililotoboka. Ishara inaanza kuwa habari pale inapobadilika: aliyekuwa anaitikia salamu kwa maneno kumi leo ameitikia kwa mawili. Hata hapo, mabadiliko yanakuambia kuna jambo. Hayakuambii ni jambo gani, wala kama linakuhusu.

Kazi yenyewe unaifanyaje? Kiswahili chetu kina mtego hapa. Maneno tunayoyatumia kueleza nyuso za watu tayari yamebeba hukumu ndani: kununa, kubeza, kuringa, kususa. Mteja akikuambia "kaninunia" anadhani amekueleza alichokiona, kumbe amekupa hukumu bila ushahidi. Kwa hiyo ninamrudisha kwenye ushahidi. Nikuonyeshe kikao kimoja, nimebadilisha mambo ya kutosha ili mhusika asijulikane. Naye alikuwa mfanyabiashara wa sokoni.

"Yule wa dagaa jana kaninunia."

"Uliona nini?"

"Si nimekwambia, kanuna."

"Ningekuwa pale na simu nikampiga picha, kwenye picha ningeona nini?"

Akafikiri. "Amekunja ndita. Macho kayafinya, midomo kaibana."

"Anatazama wapi?"

"Kwangu."

"Saa ngapi hiyo?"

"Kama saa kumi na moja jioni."

"Banda lako liko upande gani wa njia?"

Akaanza kunionyesha kwa mkono, huku njia, huku banda, kule ziwani, na mkono ukasimama hewani. Banda lake lilikuwa upande wa magharibi. Kila anayemtazama saa kumi na moja anatazama jua. Alicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia kutoka kwake tangu aje.

Siku zote hutapata jua la kukuokoa hivyo. Lakini swali la picha linafanya kazi karibu kila mara, na mteja anaweza kwenda nalo nyumbani. Mwambie achukue daftari la shule, kila ukurasa augawe sehemu tatu. Ya kwanza aandike kile ambacho simu ingekipiga picha au kukirekodi. Ya pili, alichojiambia moyoni palepale. Ya tatu, maelezo mengine mawili yanayowezekana, hata kama hayaamini. Matukio mawili kwa siku yanatosha, ukimpa kumi hataandika hata moja. Kama hajui kusoma na kuandika, atafute vitu viwili vya kushika, punje ya hindi na ya haragwe. Akiweka hindi mfukoni, ameona kitu. Akiweka haragwe, ameweza kufikiria maelezo mengine. Atakuja kwako ayamwage mezani mzungumze moja moja.

Sehemu ya tatu ndipo watu wanapokwama. Usimjazie wewe. Nyamaza, muda ule mrefu unaokufanya utake kukohoa. Akishindwa kabisa, muulize siku ambayo yeye mwenyewe alimpita mtu bila kumsalimu: alikuwa na nini? Mtoto alikuwa na homa, deni la kikoba, tumbo. Wote tuna siku kama hizo, ila tunazikumbuka kwa upande wetu tu.

Hatua inayofuata ni kuuliza, maana daftari peke yake linaweza kugeuka kuwa jalada la kesi. Lugha yetu ina njia tamu za kuuliza bila kushtaki. "Mama fulani, leo naona upo kimya, kwema nyumbani?" Iweke hiyo sentensi karibu na hii, "Mbona umeninunia?" Ya pili ni mwito wa ugomvi. Hata ile ya kwanza inaharibika ikisemwa kwa sauti ya juu na kiuno kimeshikwa. Mfanyie mazoezi chumbani, wewe ukiwa mwenzake wa sokoni: aseme "kwema nyumbani?" kwa sauti ya kupanda, kisha ya kushuka, kisha akiwa amegeuka nusu kama anayepanga chupa zake za mawese. Mwache achague anayoiweza. Wengi huchagua ile ya kugeuka nusu, kwa kuwa inampa mwenzake nafasi ya kujibu "kwema" na mambo yakaisha hapo.

Halafu kuna upande ambao mteja haupendi, mwili wake yeye mwenyewe. Mtu anayetarajia kufukuzwa huingia sokoni na sura ya aliyekwisha kufukuzwa. Kanga ameivuta mpaka nusu ya uso, hatazami upande, kigoda amekigeuza mgongo kwa jirani. Jirani naye ni binadamu, anausoma ule mgongo. Kumwambia hivi kwa mdomo ni kumtukana, kwa hiyo mimi hutumia simu. Katika tiba ya hofu ya kujumuika na watu, waliyoieleza wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells mwaka 1995, kuna zoezi la kumrekodi mteja kwa video kisha akajiona. Linahitaji utaratibu. Tumia simu yake, isiwe yako, ili picha isitoke mikononi mwake. Rekodi dakika mbili tu, akikusalimu kama mteja wake wa mawese. Kabla hajaitazama, aeleze kwa undani anachotarajia kuona: nitatetemeka, sura itakuwa mbaya, nitaonekana mjinga. Ndipo aitazame kama anamtazama mwanamke mwingine asiyemjua. Mara nyingi atashangaa kwamba ule mtetemeko alioutarajia hauonekani. Na wakati mwingine atasema mwenyewe, bila wewe kufungua mdomo, "Huyu dada mbona kama hataki kuongea na mtu?" Subiri alitamke yeye. Kisha afute ile video mbele yako.

Naomba pia usisahau kwamba anaweza kuwa anaona sawasawa. Mwanamke aliyeachika hutengwa kweli katika baadhi ya masoko, wenzake wakihofia atawachukulia waume zao. Na kuna kanga. Mwanamke wa Kiswahili, Ujiji kama Tanga, anaweza kukujibu kwa maandishi ya kanga yake bila kufungua kinywa. Mteja akikuambia amesutwa kwa kanga usimwambie ni mawazo yake. Muulize imeandikwaje, na mwenye nayo ameivaa mara ngapi. Pengine ndiyo kanga nzuri pekee aliyonayo. Pengine kweli imemlenga mteja wako. Daftari likionyesha kwa wiki tatu kwamba mtu mmoja yuleyule anafanya jambo lilelile, basi ni mtu mmoja na mna jambo la kushughulikia. Hapo tayari tumetoka kwenye "wote wananichukia", ambako hakuna mtu anayeweza kupafanyia kazi.

Sasa kijana. Kwake nitakupeleka hifadhi ya sokwe ya Gombe kwanza, maana sisi watu wa Kigoma tumekaa karibu na darasa kubwa la lugha ya mwili na wengi wetu hatujawahi kupanda boti kwenda kuliona. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika pale Julai 1960, akakaa kuwatazama sokwe miaka mingi. Miongoni mwa aliyoyaeleza ni namna wanavyotulizana: wanakumbatiana, wanashikana mikono, wanapigana busu, anayeogopa ananyoosha mkono aguswe na mkubwa. Lakini linalonihusu mimi kazini ni meno. Sokwe anayevuta midomo nyuma akaonyesha meno yote, mtalii anasema "ona anavyocheka." Mara nyingi yule anaogopa. Akiwa kwenye mchezo, mdomo unakuwa wazi na umelegea, meno ya juu yamefunikwa.

Watu si sokwe, na sikuelezi haya ili ukaweke jina la sokwe kwenye faili la mtu. Nakukumbusha tu kwamba meno na furaha ni vitu viwili. Kijana wako, naweka dhamana, anatabasamu akiwa mbele ya bosi. Anatabasamu hata akiambiwa nafasi zimejaa. Utawahi pia kukutana na mtu anayekusimulia alivyopigwa huku anacheka, na mshauri mchanga akacheka naye, na mteja hakurudi tena. Hata nyuso tunazodhani ni za binadamu wote zina mipaka. Mwanasaikolojia Paul Ekman alijenga jina lake tangu miaka ya 1960 kwa hoja kwamba hisia chache za msingi zinatambulika usoni popote duniani. Lakini mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walichapisha utafiti wa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, ambako ule uso wa macho kodo na mdomo wazi tunaouita wa hofu, wenyeji waliusoma kuwa uso wa mtu anayetisha.

Kuhusu macho ya kijana wako, orodha yako imesema kutotazama ni kuficha jambo. Mwanangu, wewe uko Kasulu. Umewaona wazee wa Kiha wakisalimiana, yale makofi ya taratibu, habari za nyumba nzima zikiulizwa moja baada ya nyingine. Kijana anayesimama pale akamkazia macho mkubwa ataulizwa kalelewa wapi. Huyu analelewa vizuri. Macho yake chini ni adabu, na adabu hiyo ameilipia kwa miaka 19. Halafu anaingia ofisini, anakutana na mtu wa shirika au meneja wa hoteli aliyejifunza kwamba asiyekutazama hajiamini. Ukimwambia "acha kutazama chini" umemwambia amdharau baba yake. Ndiyo maana hakuna kilichobadilika.

Mimi huwaambia vijana hivi: nyumbani unaongea Kiha, dukani Kiswahili, na hujawahi kuona kwamba umeisaliti lugha moja kwa kuongea nyingine. Macho nayo yana lugha mbili. Ukishapata kazi, ukirudi nyumbani, yarudishe chini. Hili likimwingia, nusu ya mzigo imeshuka, na mazoezi yanakuwa mepesi.

Mazoezi yenyewe yaanze na viti. Kabla hujagusa macho, mwombe akipange kiti chako mpaka ajisikie vizuri. Akisogeze, akigeuze, akirudishe nyuma. Utashangaa anavyofurahi kumhamisha mkubwa. Vitabu vitakuambia, kutokana na mwanaanthropolojia Edward Hall wa Marekani, kwamba hadi sentimita 45 ni umbali wa watu wa ndani, 45 hadi 120 wa marafiki, kisha hadi mita 3.6 kwa shughuli. Hall alisema wazi kuwa aliwapima Wamarekani wa tabaka fulani. Mtu aliyetoka Manyovu kwenye haisi amekaa amebanwa na mabega mawili ya wageni kwa muda wote wa safari, sentimita zake zina mpangilio mwingine. Kiti alichokipanga yeye ndicho kipimo. Wengi hukiweka mshazari, wote wawili mkitazama mlango au dirisha, na kwa vikao viwili vya kwanza kaeni hivyohivyo.

Kisha mnageuka kidogo kidogo. Jicho moja la salamu tu: anakutazama anaposema "shikamoo", anashusha. Wiki inayofuata anaongeza jicho la pili mwisho wa jibu, pale anapomaliza sentensi. Katikati atazame anapotaka, kwa sababu hata wasemaji hodari hutazama pembeni wakifikiri. Akiona macho yanamchoma, atazame katikati ya nyusi, mwenye uso hatambui tofauti. Kutazama mfululizo usimfundishe kamwe, anakuwa kama askari wa usalama barabarani.

Sauti ninaipa muda zaidi ya macho, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi, na orodha za mtandaoni karibu zote zinaisahau. Mpe sentensi moja, "Nimekuja kuulizia kazi." Aiseme kama anaomba msamaha. Aiseme kama anagomba. Aiseme kama anamwita rafiki ng'ambo ya barabara. Aiseme kama anataja bei ya kitu anachokijua. Ile ya bei ndiyo mnayoitafuta, na hupatikana kirahisi kama kijana amewahi kuuza chochote, hata karanga. Sentensi zake nyingi zitakuwa zinakufa mwishoni: "Nimekuja kuulizia ka..." Mwambie atoe pumzi kwanza, taratibu, ndipo aseme, na neno la mwisho alisikie mwenyewe likitoka lote.

Kazi ya nyumbani iwe sokoni. Siku ya kwanza aulize bei ya dagaa kwa wauzaji watatu, bila kununua, kwa sauti ya kusikika mara ya kwanza bila kurudia. Siku nyingine aulize njia ambayo anaijua. Siku nyingine amrudishie mtu bidhaa aseme hapana, asante, hiyo ni ngumu kuliko unavyofikiri. Kila jaribio alipe alama ya wasiwasi kabla na baada, sifuri hadi kumi. Usiulize kama alifanya vizuri. Uliza kama alifanya.

Na wewe? Mteja anausoma mwili wako kuliko wewe unavyousoma wake, maana amekuja na shida na anatafuta kama utamhukumu. Wewe ukiinamia faili kuandika pale anapotaja jina la mume, amekuona. Kuna jambo dogo limenigharimu wateja: kuguna. "Mmh" ya kuvuta, inayoshuka, maana yake endelea nakusikia. "Ehee" ni endelea, imenoga. "Mh!" fupi ya puani ni sikuamini. Zote tatu zimo kooni kwako na zinatoka bila kuomba ruhusa, hasa saa saba mchana ukiwa na njaa. Jirekodi kikao kimoja, mteja akiridhia, ujisikilize miguno yako tu. Mimi nilijisikiliza nikazima kabla ya kufika katikati.

Kabla hujaanza lolote kati ya haya, kuna mambo ya kuhakikisha. Angalia dawa. Mteja anayetumia haloperidoli au klopromazini anaweza kuwa na uso ulioganda na mikono isiyochezacheza akitembea. Hiyo ni athari ya dawa, mrudishe kwa daktari aliyemwandikia, usimfanyie mazoezi ya tabasamu. Kiharusi na maradhi ya Parkinson navyo vinafanana na hivyo. Mwenye usonji usimlazimishe macho, kwa wengi wao ni maumivu kweli. Kiziwi anayetumia lugha ya alama anatumia lugha kamili yenye sarufi yake, tafuta mkalimani. Kwenu Kasulu mko jirani na Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996, na utawapata watu ambao kuketi wakiutazama mlango na kusoma kila uso unaoingia ndiko kulikowatoa hai. Huyo mpe kiti kinachoutazama mlango, umuulize kama ufungwe au ubaki wazi, na usimguse bega hata akilia, mpaka aridhie.

Na kwa mama wako hasa, muulize wazi wazi: anasikia sauti wakati hakuna mtu? Anaamini kuna njama, kwamba redio au wapita njia wanamsema yeye kwa mafumbo? Amepunguza kula na kulala? Ukimpa maelezo mengine yanayowezekana, anaweza angalau kuyafikiria, au anakataa kabisa kama ukuta? Akiwa wa ukuta, daftari halimfai sasa hivi, anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili hospitalini, na ukichelewesha kwa sababu ya mazoezi utakuwa unampotezea muda. Akiwa anaweza kufikiria, hata kwa kukunja ndita, endelea.

Akija tena, mwombe akurudishie ile orodha ya ishara 24. Mwambie uliikosea. Usiseme huku unapanga mafaili. Kaa, mtazame kwa jicho lile la salamu, useme, kisha unyamaze uone atafanya nini na uso wake. Ukitaka kujua maana yake, muulize.